Mwongozo kamili: Jinsi ya kusoma kazi ya sanaa ya jamii usiyoijua bila kuishia kusema "hawakujua kuchora"

Nimesoma maandishi mengi ya watu wanaojaribu kuelezea sanamu au picha iliyotoka mbali na kwao, na karibu wote wanatumbukia shimo lilelile. Aya ya kwanza imenakiliwa kwenye lebo, ya pili inasema "inavutia sana", ya tatu inasema watu wa zamani walikuwa bado hawajui kuchora vizuri, basi, kwisha habari. Na mi sijitoi, nimeshatumbukia humohumo, nitawasimulia kwenye hatua ya 3.

Mwongozo huu una kazi moja tu. Uchukue kitu kimoja kutoka jamii ambayo si yako, na ukimaliza uwe na ukurasa mmoja unaoeleza kile kitu kilikuwa kinafanya kazi gani kwa wale waliokitengeneza. Historia ya sanaa ya dunia nzima hatuigusi, hiyo utaisoma mpaka uzeeke. Tenga kama masaa matatu, sio lazima kwa mkupuo mmoja.

## Vitu vya kuandaa

- Picha ya kitu chenyewe yenye ubora mkubwa, inayokubali kuvutwa karibu bila kuvunjikavunjika. Kama unaweza kukisogelea chenyewe makumbusho ni bora zaidi. Makumbusho mengi makubwa yana katalogi ya bure mtandaoni, anzia huko.
- Picha ya mgongo na ya chini ya kitako kama ni sanamu. Hizi watu hawazitafuti kabisa alafu ndo zenye siri.
- Penseli, sio kalamu, na karatasi tupu.
- Rula au kipande cha karatasi cha kupimia.
- Saa ya simu, na hiyo simu iwe kimya.
- Ramani ya eneo husika.
- Karatasi ya kufunikia lebo. Ndio, kufunikia, utaona.

## Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja, na kiwe na anuani

Kiwe kitu kinachojulikana kimetoka kwa watu gani, eneo gani, na angalau karne gani. Picha iliyoandikwa "barakoa ya Kiafrika" peke yake iache. Hiyo ni sawa na mtu akuambie "wimbo wa Asia", sasa utauanzia wapi?

Sababu ni kwamba hatua zote zinazofuata zinategemea kujua kitu kilisimama wapi na mbele ya nani, na kama anuani haipo utaanza kubuni, na ukishaanza kubuni huachi.

Umefaulu kama unaweza kujaza sentensi hii bila kuumauma maneno: "Hiki kimetengenezwa na watu wa ___, eneo la ___, karne ya ___."

## Hatua ya 2: Kitazame robo saa, alafu kichore vibaya

Funika lebo, ile anuani ya hatua ya 1 inatosha kwa sasa. Weka saa dakika 15. Dakika tano za mwanzo utachoka na utatamani kushika simu, vumilia. Alafu kichore, na nasema vibaya kwa makusudi, hamna anayekusahihisha. Mkono ukichora unauliza maswali ambayo jicho liliyaruka. Huu mguu unaishia wapi? Huyu kashika nini?

Chukua lile wimbi kubwa la Hokusai, mchoraji wa Japani, la mwaka 1831 hivi, picha ambayo kila mtu anaona anaijua. Muulize mtu mle ndani kuna mashua ngapi. Wengi watakwambia hamna mashua. Ziko tatu, ndefu, na wapiga makasia wamelala kifudifudi wameng'ang'ania, na mlima Fuji uko nyuma mdogo hivi, ukiuangalia haraka unadhani nao ni wimbi. Alafu jambo lingine, Wajapani wa wakati ule walisoma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo jicho lao lilikuwa linaingia pamoja na mashua na kukutana na wimbi uso kwa uso, wakati anayesoma kutoka kushoto anaingia akiwa amepanda juu ya wimbi. Karatasi ni ileile, safari mbili tofauti.

Angalizo: usisome lebo "kidogo tu". Ukishasoma huwezi tena kuona kitu kabla ya jina lake.

Umefaulu kama mchoro wako, hata uwe wa aibu, una angalau vitu vitatu ambavyo hukuviona dakika ya kwanza.

## Hatua ya 3: Andika unachoona, usiandike unachodhani

Hapa ndo wengi wanaanguka, na hapa ndo nilianguka mimi.

Nilikuwa na picha ya sanamu ndogo ya mbao, urefu kama sentimita 25, mtu amesimama mikono ubavuni. Uso ulikuwa bapa, pua karibu haipo, macho yamefifia. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: "mchongaji hakumalizia uso". Nikaendelea mbele, nikajenga hoja nzima juu ya hapo, eti labda alikosa muda au alikuwa mwanafunzi.

Ile sanamu ni ere ibeji, ya Wayoruba wa Nigeria. Kwao mapacha huzaliwa wengi sana, na pacha mmoja akifariki kulikuwa na desturi ya kuchongesha sanamu yake, na mama anailea kama anavyomlea yule aliyebaki: anaiogesha, anaivisha, anaigusisha chakula mdomoni, anaipaka mafuta na unga mwekundu wa mti. Miaka na miaka. Uso haukuachwa bila kumaliziwa. Uso ulikuwa umechakaa kwa kuogeshwa.

Na ushahidi ulikuwa mbele yangu muda wote! Nywele zilikuwa kali, msuko kwa msuko, unaweza kuhesabu mistari, na zina rangi ya bluu. Mtu asiyejua kuchonga uso angejuaje kuchonga nywele vile? Kama ningeandika nilichokiona tu, "pua na midomo imelainika, nywele bado zina makali", hiyo sentensi yenyewe ingeniuliza swali, lakini mi nilikimbilia kujibu kabla ya kuulizwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Gawa karatasi mara mbili. Kushoto andika vinavyoonekana tu: rangi, idadi, ukubwa, upande, palipochakaa, palipong'aa, palipopasuka. Kulia andika maswali. Maneno haya yapige marufuku kwa sasa: nzuri, mbaya, ya kizamani, ya kitoto, inatisha, inaashiria. Hilo "inaashiria" ndo baya kuliko yote, maana watu wakishalitumia wanajiona wameeleza kitu.

Umefaulu kama mtu mwingine akisoma upande wa kushoto hawezi kubishana na sentensi hata moja.

## Hatua ya 4: Uliza kimetengenezwa na nini, kwa mikono mingapi

Sasa funua lebo, lakini soma mstari wa malighafi tu. Mbao, shaba, hariri, udongo, manyoya, pembe za ndovu.

Malighafi inakuambia nani alilipa na walithamini nini. Italia karne ya 15 bluu ghali kuliko zote ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililotoka Afghanistan. Mwaka 1485 mchoraji Ghirlandaio wa Florence aliandikiana mkataba wa picha ya Mamajusi wakimwabudu mtoto Yesu, na mle ndani ikatajwa kabisa kwamba bluu lazima iwe ya florini nne kwa aunsi. Yani anayelipa hakusubiri "ubunifu wa msanii", alitaka bluu ya bei ile na sio chini ya hapo. Ukiona joho la Bikira Maria lina bluu nzito ujue hapo kuna heshima na kuna pesa, vyote viwili, na mtu wa enzi ile aliviona vyote kwa mpigo.

Vilevile usidhani dhahabu ni mfalme kila mahali. Kwa Wainka wa milima ya Andes, Amerika Kusini, nguo iliyofumwa vizuri ilithaminiwa kuliko dhahabu. Ukipita mbio kwenye vitambaa ukimbilie vinavyong'aa, utakuwa umetumia mzani wako dukani kwa mwenzio.

Suala la mikono: picha ya Hokusai haikutoka kwenye mkono mmoja. Yeye alichora, mwingine akachonga vibao vya mbao, mwingine akachapa, na mchapishaji akagharamia na kuuza nakala kwa wingi. Ukiuliza "iko wapi ile halisi" swali lenyewe halina jibu.

Angalizo: lebo nazo hukosea au hurithi majina ya zamani. Zile zinazoitwa shaba nyeusi (bronzi) za Benin, ufalme wa kale wa Nigeria, nyingi ni shaba ya njano.

## Hatua ya 5: Kirudishe mahali pake

Hii ndo hatua yenye utamu, usiiharakishe.

Vitu vingi tunavyoviita sanaa havikutengenezwa vikae kwenye kabati la kioo chini ya taa nyeupe. Kwa hiyo kichwani mwako kitoe kwenye kabati. Jiulize: kilikuwa ndani au nje? Kilisimama au kilitembea? Kilionekana kila siku au mara moja kwa mwaka? Nani aliruhusiwa kukiona? Kulikuwa na sauti gani?

Chukua sanamu za shaba za Shiva, mungu wa Wahindu, anayecheza dansi, zile za enzi ya watawala Wachola kusini mwa India, kati ya karne ya 9 na 13. Wengi wanakodolea duara la moto na mikono minne. Sawa. Lakini shuka chini, angalia kitako. Mara nyingi kuna matundu au vishikio pembeni. Ni vya kupitishia miti ya kubebea! Siku ya sherehe yule mungu alitolewa hekaluni, kabebwa mabegani, amevishwa hariri, amejaa mashada ya maua, pengine unaona uso tu. Ule mwili wa shaba ambao watu wa makumbusho wanausifia mikunjo yake, muumini hakuwa anauona hivyo. Na yeye alienda kumtazama mungu huku akijua naye mungu anamtazama, macho yanakutana, ndo shughuli yenyewe.

Au vile vichwa vya swala vya Wabamana wa Mali, chi wara, wembamba, wameinuka juu. Ukutani vinaonekana kama mchoro wa mistari tu. Lakini viliota juu ya kofia ya ukindu kichwani mwa mchezaji aliyeinama, mwili mzima umefunikwa nyuzi, dume na jike wanacheza wawili, nyimbo zinaimbwa, wakulima wanasifiwa. Mbao unayoiona ni kama kipaza sauti kilichobaki baada ya tamasha, muziki wenyewe umeondoka.

Kuna na picha ambazo hazikai ukutani kabisa. Gombo la Zhang Zeduan la China, karne ya 12, linaonyesha maisha ya kandokando ya mto wakati wa sikukuu ya Qingming. Lina urefu wa zaidi ya mita 5 na kimo cha sentimita 25 hivi. Leo linatandazwa lote na watu wanapita mbele yake kwa foleni. Lakini gombo la namna hii lilikusudiwa watu wachache, unafungua kipande kinachotosha mikono miwili, unakunja kulia huku unafungua kushoto, mashua inakuja, daraja linakuja, yani ni picha inayotembea kwa mwendo wako wewe. Jaribu: chukua karatasi mbili uzibe picha pande zote ubaki na dirisha la upana wa mikono, alafu usogeze. Utashtuka.

Na ukiona mihuri myekundu imejaa kwenye picha ya Kichina, na maandishi ya watu wengine pembeni, usifikiri imeharibiwa. Waliowahi kuimiliki walikuwa wanagonga mihuri yao na kuandika mawazo yao, mfalme Qianlong wa karne ya 18 alikuwa na mkono mwepesi kweli kwenye hilo, wengine wanaona alizidisha na mi nipo upande wao.

Angalizo: kuna vitu vilivyotengenezwa visidumu. Wadiné, wenyeji wa Marekani wanaojulikana kama Wanavajo, hufanya michoro ya mchanga kwenye ibada ya uponyaji, mgonjwa anakaa juu yake, na ikiisha mchoro unafutwa. Ukilalamika "mbona hawakuihifadhi" umekosa kila kitu.

Umefaulu kama unaweza kueleza kwa sentensi tatu siku moja ya kile kitu, kuanzia nani alikileta mpaka nani alikiondoa.

## Hatua ya 6: Tafuta kanuni, usitafute makosa

Sentensi ya "hawakujua kuchora" huwa inazaliwa hapa. Dawa yake ni ndogo tu: kitu kikionekana kimekosewa, angalia kama kimekosewa namna ileile kila mahali. Kosa hujirudia ovyo ovyo. Kanuni hujirudia kwa nidhamu.

Tumia rula kwa mfano huu. Chukua mchoro wa Misri ya kale, mtu aliyesimama. Uso upande, jicho limetazama mbele, mabega yametazama mbele, miguu upande, na mara nyingi kidole gumba cha miguu yote miwili kiko upande wako. Unacheka. Sasa pima. Kutoka unyayo mpaka nywele zinapoanzia kwenye paji la uso ni miraba 18 iliyochorwa kwanza kwa kupimia, na makaburi ambayo hayakumalizika bado yana ile mistari myekundu ya kuongozea. Kanuni hiyo ilishika kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kubadilishwa. Watu waliopima hivyo sio kwamba mkono uliteleza.

Kwa nini sasa? Kwa sababu mchoro wa kaburini ulikuwa na kazi ya kumhudumia marehemu huko aendako, kwa hiyo kila sehemu ya mwili ilichorwa upande unaoijulisha vizuri zaidi. Kuna picha ya bwawa la bustani kutoka kaburi la Nebamun, mwaka 1350 kabla ya Kristo hivi. Bwawa limechorwa kama unaliona kutoka juu, samaki na bata humo ndani wamechorwa ubavu, na miti imepangwa kuzunguka, mingine imelala kabisa. Ukisimama pembeni ya bwawa hutaona hivyo, lakini marehemu hakuwa anataka "unavyoona ukisimama". Alitaka bwawa lote, samaki wote, matunda yote. Kivuli cha bwawa hakimnyweshi mtu.

Ukubwa nao ni kanuni. Kwenye kibao cha Narmer, mfalme wa Misri, cha mwaka 3100 kabla ya Kristo hivi, mfalme ni mkubwa kuliko wote, na mbeba viatu vyake ni mdogo kama mtoto ingawa ni mtu mzima. Cheo ndo kimepimwa pale.

Rudi kwa ibeji yangu. Kichwa ni kama robo au theluthi ya mwili mzima. Kwa Wayoruba kichwa, ori, ndo makao ya majaaliwa ya mtu. Na mtoto mchanga amechongwa na mwili wa mtu mzima, ana matiti, ana msuko wa kifahari, kwa sababu hawakutaka kuonyesha alivyokuwa siku ile. Wana na neno lao, jijora, kufanana kwa kiasi: sanamu isifanane na mtu mno, wala isiachane naye mno. Sasa wewe unailaumu haifanani na mtu, wakati ingefanana kabisa wangeona imeharibika.

Na ile ya vitu vya mbali kuwa vidogo na mistari yote kukimbilia nukta moja? Nayo ni kanuni ya mahali na wakati. Brunelleschi aliijaribu Florence mwanzoni mwa karne ya 15, Alberti akaiandika mwaka 1435, na inamtaka mtazamaji asimame sehemu moja na jicho moja. Ni ufundi mkubwa, sibishi. Lakini kuifanya mzani wa dunia nzima ni kumpima samaki kwa kupanda mti.

Kanuni nyingine zinasomwa, kihalisi. Kwenye kuta za kasri la Alhambra, Granada, Hispania, hayo unayodhani ni mapambo kwa sehemu kubwa ni maneno ya Kiarabu, na moja limerudiwa mara nyingi sana kila upande: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Na kama umeshaandika "Uislamu ulikataza picha zote", futa. Misikitini watu na wanyama hawachorwi, ila vitabu vya Uajemi vimejaa wafalme, wapenzi, farasi na vita.

Angalizo kubwa: ukipata kanuni usiibebe kwenda jamii nyingine. Ukubwa wa Narmer ni cheo, kichwa kikubwa cha ibeji ni majaaliwa, udogo wa Fuji kwa Hokusai ni umbali na mzaha kidogo. Kila nyumba na ufunguo wake.

Umefaulu kama unaweza kuandika: "Kilichoonekana kosa ni ___, kinajirudia kwenye kazi nyingine za hao watu, na kazi yake ni ___."

## Hatua ya 7: Wenyewe wanakiitaje?

Tafuta jina la kitu kwa lugha ya wenyewe, na neno wanalotumia kusema kimekaa vizuri. Sio urembo, linabadilisha swali.

Sisi tunasema "sanaa", neno lenye asili ya Kiarabu, na huko lilibeba maana ya ufundi, kazi ya mikono. Mtaani "usanii" ni utapeli, tuache hilo. Wajapani walilazimika kuunda neno bijutsu miaka ya 1870 walipokuwa wanajiandaa na maonyesho ya dunia ya Vienna ya 1873, kabla ya hapo kila ufundi ulikuwa na jina lake na hawakuona kasoro. Wamaori wa New Zealand wanasema taonga, hazina iliyorithiwa yenye uhusiano na waliotangulia, na mwaka 1984 vitu vyao vilipoonyeshwa New York wazee walivifungulia maonyesho alfajiri kwa sala na nyimbo. Mtu haendi kuswalia mapambo.

Mfano mwingine ambao msomaji wa Kiswahili utaudaka bila tafsiri: zile sanamu za Wakongo zilizojaa misumari, nkisi nkondi. Wageni waliziona wakafikiri ni za kutesea maadui. Anayeziandaa anaitwa nganga. Umeshalisikia hilo neno, si ndio? Basi anaweka dawa ndani, mara nyingi tumboni nyuma ya kioo, na watu wakiapa au wakisuluhishana wanapigilia msumari au chuma. Kila msumari ni neno la mtu. Usiandike "inatisha", andika umehesabu viapo vingapi.

Angalizo: sio kila kitu ni chako kujua. Papunya, Australia, wazee wa Kiaborijini walianza kuchora kwenye mbao kwa rangi za dukani mwaka 1971, na baada ya muda wakaona mambo ya siri ya kwao yanaonekana na watu wasiostahili, wakaanza kuyafunika, na vidoti vilifanya sehemu ya kazi hiyo. Duara ndani ya duara linaweza kuwa kisima au kambi, umbo la kwato ni mtu amekaa, hayo wanakuambia. Yaliyobaki hawakuambii. Andika "hapa wenyewe wamenyamaza" uendelee.

## Hatua ya 8: Fuatilia kilifikaje hapo kilipo

Fupi lakini usiiruke. Tafuta kwenye katalogi mstari wa umiliki: nani alinunua, lini, kwa nani. Ukiona mwaka 1897 kwenye kitu cha Benin, Nigeria, ujue ni mwaka jeshi la Uingereza lilivamia mji, likachoma kasri, likabeba maelfu ya vitu. Vile vibao vya shaba viliwahi kupigiliwa kwenye nguzo za kasri la Oba, yaani mfalme, vilikuwa ni kumbukumbu za ufalme. Vikatawanywa makumbusho kwa makumbusho kama kitabu kilichochanwa kurasa. Mwaka 2022 Ujerumani ilisaini makubaliano ya kuikabidhi Nigeria umiliki wa vilivyokuwa kwao.

Safari inaeleza pia kwa nini lebo inasema "msanii hajulikani". Mara nyingi alijulikana sana, aliyechukua ndo hakuuliza. Olowe wa Ise, mchongaji wa Kiyoruba aliyefariki mwaka 1938, mjane wake alikuwa na oriki, shairi la sifa, ndefu ya kumsifu inayotaja kazi zake na majumba aliyoyachongea, wakati milango aliyochonga kwa ajili ya kasri la Ikere ilionyeshwa London mwaka 1924.

## Hatua ya 9: Linganisha, lakini usipange foleni

Chukua kitu cha pili kutoka kwingine kilichofanya kazi inayofanana. Kazi, sio sura. Ibeji linganisha na kitu kingine cha kumlea aliyeondoka, usilinganishe na sanamu ya Kigiriki kwa vile zote zimesimama.

Ukilinganisha sura utajikuta unasimulia ngazi, kwamba watu walianza na vijiti wakapanda mpaka wakafika kwenye picha kama ya kamera. Na hata hiyo sanamu nyeupe ya Kigiriki inayowekwa juu ya ngazi ilikuwa imepakwa rangi, weupe umekuja baada ya rangi kutoka, na nyingi tunazoziona ni nakala za Warumi. Alafu ngazi yenyewe inavunjika ukifika 1907, Picasso anatoka kuangalia barakoa za Afrika na Oceania kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, na anakata nyuso kwa panga kwenye picha yake ya wanawake watano. Aliyekuwa juu ya ngazi amefuata nini chini?

## Hatua ya 10: Andika ukurasa wako

Fuata mpangilio huu, usiugeuze: kinachoonekana, kimetengenezwa na nini, kilikaa wapi na kilifanya nini, kanuni yake, jina lake kwa wenyewe, kilivyofika kilipo. Maoni yako yaje mwisho na yawe mistari miwili, mitatu ikizidi. Unaruhusiwa kutokipenda, mi zipo kazi nazijua ndani nje na bado sizipendi, ila sasa najua nisichokipenda ni nini.

## Ukikwama

Umekosa taarifa za matumizi? Angalia palipochakaa. Mahali palipong'aa paliguswa, penye matundu palifungwa, penye masizi palikuwa na moto karibu.

Vyanzo viwili vinapingana? Tazama nani kawauliza wenyewe na nani kaangalia picha tu.

Umerudi kuandika "inaashiria"? Weka badala yake "walikitumia ku-" alafu malizia. Isipomalizika hujafika hatua ya 5.

Ukishamaliza, mpe ukurasa mtu ambaye hajawahi kukiona kile kitu, mwambie achore kwa kufuata maneno yako tu. Mimi ya kwangu ya ibeji niliiandika upya nikampa mtu. Akachora nywele kwa utulivu kabisa, msuko mmoja mmoja, alipofika usoni akageuza penseli akaanza kusugua kwa kidole.